Mbona Wanatoka Kabla Sinema Haijaisha?

Fundi cherehani na mumewe, mwalimu mstaafu, walionyesha sinema kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa. Walifagia, wakapanga viti, wakatundika shuka jeupe ukutani. Watu walikuja. Lakini kabla ya katikati, walianza kutoka mmoja mmoja.

"Labda hawasikii," mume alisema.

Wakaongeza sauti. Watu wakatoka haraka zaidi. Wakaleta sinema ya kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Wakaleta ya vita. Wakabaki watu wanne, na mmoja alikuwa amelala.

"Kamati imesema ukumbi ukiendelea kuwa mtupu, tutanyang'anywa Jumamosi yetu," mke alisema.

"Basi hawapendi sinema!"

"Kama hawapendi, mbona wanakuja?"

Mume alikuna kichwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja jirani yao, mama mkutubi. Alikaa nyuma kabisa.

"Shemeji," alimwambia mume baadaye, "mimi nimeona visogo tu. Jua la dirishani limefuta picha. Sauti inagonga kuta na kurudi, maneno hayashikiki. Na mlangoni hakuna aliyenikaribisha."

"Lakini sinema yenyewe ni nzuri!"

"Sinema nzuri zipo hata kwenye simu. Hapa watu wanafuata watu wenzao. Waulizeni wanataka kuona nini. Wapokeeni. Katikati pumzikeni, wanyooshe miguu. Ikiisha, msiwafukuze kwa ufagio. Waacheni wazungumze."

Mke alimgeukia mumewe. "Kumbe jino ndilo linalouma, sisi tunachua mguu!"

Akashona mapazia meusi, mazito. Yalizuia jua, yakameza na mwangwi. Mume akapandisha shuka juu, akapunguza sauti. Wateja wa cherehani wakachagua sinema: ndugu wawili waliogombea kisima.

Jumamosi iliyofuata mume alisimama mlangoni, akampa kila mtu mkono. Wakati wa mapumziko watu walinyoosha miguu, kisha wote wakarudi vitini.

Sinema ilipoisha, muuza mkaa aliinuka. "Mdogo ndiye mwenye makosa!"

"Thubutu!" kinyozi alidakia. "Kisima alichimba nani?"

Ukumbi mzima ukaingilia. Wengine walicheka, wengine walijipiga mapajani kwa uchungu. Mke na mume walitazamana, hawaamini macho yao.

Mlinzi wa ukumbi alikuja na funguo. Alikohoa. Hakuna aliyegeuka. Akakohoa tena, akasikiliza kidogo, kisha akavuta kiti.

"Jamani," alisema, "mkubwa ndiye aliyeanza."