Uji Usio na Sukari

Kila jioni Gathoni alipika uji wa wimbi, akaumimina kwenye thamosi nyekundu na kumpelekea nyanya yake, shosho kama alivyomwita, kitandani. Nyanya alionja, akakunja uso. "Wewe msichana, umesahau sukari tena!" Alijua vyema kwamba daktari alikuwa amemkataza sukari, lakini huo ulikuwa utani wao, na walicheka kila siku kana kwamba ni mpya.

Kisha korona ikaingia Ruiru, na nyanya akaanza kukosa pumzi. Alilazwa hospitalini Thika. Kesho yake Gathoni na mama yake walifika getini na ile thamosi, lakini askari akawazuia. Alitoka muuguzi aliyejifunika gubigubi. Gathoni alimtambua kwa sauti tu. Alikuwa Anti Dorine, jirani yao katika ploti moja ya vyumba vya kupanga kule Gatongora.

"Nipe, nitamfikishia," akasema Dorine.

"Anti, wacha nimwone shosho kidogo tu. Tafadhali."

"Haiwezekani, mtoto wangu. Pole sana."

Kabla juma hilo halijaisha, nyanya alifariki. Alizikwa harakaharaka, waombolezaji wachache, jeneza halikufunguliwa. Gathoni hakupata hata kumuaga. Uchungu ulimjaa, akakosa pa kuupeleka, akamtupia Dorine. Asubuhi moja majirani walipokuwa wakimpa pole pale mferejini, kwenye bomba la maji la ploti, alisema kwa sauti, "Anti Dorine alimnyima shosho uji, akanywa yeye. Hata thamosi ameiba."

Hakuwa ameona lolote. Lakini majirani walikuwa tayari wanamwogopa Dorine kwa sababu ya ugonjwa, na sasa walipata kisingizio. Walianua nguo zao zilizokuwa karibu na sare yake kambani. Kinuthia, msimamizi wa ploti, akamwambia ahame mwisho wa mwezi. Dorine hakujibizana na mtu. Alirudi kutoka kazini amechoka, mashavu yamechorwa na barakoa, akajifungia chumbani mwake.

Jumamosi moja alikuja kwa kina Gathoni, akaweka thamosi mlangoni, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mnisamehe nimechelewa. Vitu vya wodini havikuruhusiwa kutoka ovyo," alisema. "Mama Gathoni, nilimnywesha uji kwa kijiko, kidogo kidogo. Akaniambia, 'Huyo msichana amesahau sukari tena.' Akacheka. Alfajiri alipotuacha, nilikuwa nimemshika mkono."

Gathoni aliiokota ile thamosi. Maneno yale yalikuwa ya nyanya, na hakuna mwingine ambaye angeyajua. Dorine alipoondoka, Gathoni alimweleza mama yake yote aliyoyasema mferejini, huku akilia.

"Mama yangu alikufa mimi nikiwa nje ya geti," mama akasema. "Dorine alikuwa ndani, na anaogopa kufa kama sisi. Watoto wake amewapeleka kwao Busia asije akawaambukiza. Amemshika mama mkono wakati mimi sikuweza. Mtu kama huyo anastahili shukrani, nasi tumempa fitina. Uliyoyasema mbele ya watu, nenda ukayafute mbele ya watu."

Jioni, mferejini palipojaa watu, Gathoni alisimama katikati yao. "Nilidanganya," alisema. Akawasimulia habari za kijiko, na za mkono ulioshikwa. Mama Sifuna, aliyekuwa wa kwanza kuanua nguo zake, alijifuta machozi kwa leso. Kinuthia alivua kofia.

"Aki tumemkosea huyu mama," akasema. "Hakuna mtu atahama hapa."

Usiku ule Gathoni alipika uji kwa mara ya kwanza tangu mazishi, vilevile alivyompikia nyanya. Aliweka thamosi mlangoni kwa Dorine, akabisha, akarudi nyuma.

"Nisamehe, Anti. Na asante."

Dorine alimimina, akaonja. Macho yake yakajaa machozi.

"Gathoni," akasema, "umesahau sukari."

Walicheka, kisha wakalia, kila mmoja upande wake wa kibaraza.