Kikombe Kile Kile

"Dada, samahani. Umekalia mchicha wangu."

Msusi aliruka kama aliyekalia makaa. Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na mguu wake wa kushoto ulimuuma mpaka akajitupa kwenye mfuko wa kwanza aliouona. Mwenye mfuko, kijana mrefu mwenye aproni nyeupe na doa la nyanya kifuani, alikuwa anacheka.

"Pole kaka, sikujua ni mchicha."

"Usijali. Leo watu wa kiwandani kwetu watakula mchicha uliopondwa tayari." Macho yake yakashuka kwenye pindo la gauni la njano, akaona mishipa iliyotutumka. "Unasimama kutwa?"

"Mimi msusi. Wateja wanakaa, mimi nasimama."

"Mama yangu alikuwa hivyohivyo. Mishipa inataka majani, matunda, maji ya kutosha, chumvi kidogo. Niachie mimi mpishi."

Mapenzi, bwana, hayabishi hodi. Ikawa kila mchana bakuli la bluu linafika saluni, limejaa mchicha na kabichi, na chungwa lililomenywa pembeni.

"Jamani mpenzi, nitaanza kulia kama mbuzi," alimtania kwenye simu.

"Umewahi kumwona mbuzi anaumwa mishipa?"

"Huna adabu wewe!"

"Kula, laazizi. Nataka nizeeke nikikutazama."

Akala lote. Asichomwambia ni kwamba ndani ya pochi, chini ya vitana, kulikuwa na vidonge vya kuzuia damu isigande. Mwaka uliopita bonge la damu liliziba mshipa wa mguu ule, na mchumba wa wakati huo aliposikia dawa ni za muda mrefu, akatokomea. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Alivimeza kwa siri nyuma ya saluni, na siku za kupima damu akazikwepa, kwa kuhofia kuonekana kliniki.

Asubuhi moja, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu, mguu ulivimba ukawa wa moto. Mpishi alipigiwa simu, akaja mbio, akambeba mpaka hospitali.

"Umebadilisha chakula?" daktari aliuliza. "Mboga za majani zikiongezeka ghafla, dawa yako inapungua nguvu. Damu imeganda tena. Bonge likihamia kwenye mapafu, tutakupoteza."

"Dawa gani?" mpishi aliuliza.

Msusi akageukia ukuta. Mpishi akatoka bila kuaga.

Simu ya mpishi iliita mpaka ikachoka. Msusi akamtumia sauti: "Uko wapi? Kama ni vidonge, sema tu. Usininyamazie, nakuomba." Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimpangusa uso kwa khanga, naye akalia mpaka kifua kikauma, akaogopa, maana hakujua tena kama ni majonzi au ni lile bonge.

Jikoni kwake mpishi hakuweza kushika kisu. Nimemlisha kifo kwa mkono wangu, alijiambia, tena nikimbembeleza amalize.

Siku ya pili, saa za kuona wagonjwa, aliingia wodini na bakuli la bluu. Macho yalikuwa mekundu, aproni hajaivua.

"Nilidhani ukiniona utamwona muuaji wako," alisema.

"Nami nilidhani umekimbia dawa zangu, kama yule wa kwanza."

"Ungeniambia, mpenzi! Ungeniambia tu!"

"Nilikupenda. Niliogopa."

Mpishi alifungua bakuli. Ndani mlikuwa na kikombe kidogo cha mchicha, basi.

"Nimetoka kwa mtu wa lishe hapo chini. Mboga si adui. Kosa ni leo tele, kesho hakuna, na daktari hajui. Ukipimwa damu na mboga ikiwa kiasi kilekile kila siku, watajua kipimo cha dawa cha kukupa."

"Kila siku? Na ukichoka?"

"Ndiyo maana nataka nikuoe. Siwezi kubisha hodi kwa shangazi yako na kikombe mpaka uzeeni."

Shangazi akakohoa, akajifanya anatazama dirishani. Daktari alikuwa hajasema amepona, na mguu bado ulikuwa mzito juu ya mto. Muuguzi alileta kidonge. Msusi alikiweka kiganjani, akamwonyesha mpishi, akakimeza mbele yake, huku mpishi akimshikia glasi ya maji kwa mikono miwili.