Glavu Namba Nane

Treni ya Mwanza ikipakia pale stesheni ya Tabora, hakuna anayemngoja mwenzake. Recheli, mkunga wa kituo cha afya huko Bukene, alifika na gauni la bluu, kilemba cha njano na hasira juu, maana katoni zake zilikuwa zimelaliwa na magunia ya karanga.

"Nani kaweka vifaa vya wazazi chini ya karanga?"

"Mimi," akajibu kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Naitwa Zablon. Mimi ndiye ninayewaagizia vifaa."

Vituo vya afya kumi na viwili vilikuwa vimeungana. Kila kimoja kikinunua peke yake, muuzaji hukipangia bei anayoitaka. Vikiagiza pamoja, bei inashuka.

"Basi nitolee mzigo wangu, bwana muagizaji."

"Nipe kwanza namba yako."

"Wee! Huna hata haya!" Lakini namba alitoa.

Kwa miezi sita simu hazikupoa, na kila Recheli alipofuata mzigo Tabora walitembea wameshikana mikono.

"Umekula, mama watoto?"

"Watoto gani? Toa mahari kwanza, ndiyo uniite hivyo!"

Halafu ghafla Recheli akaacha kupokea. Siku kumi na mbili, kimya. Na Zablon, badala ya kuuliza kama mwenzake mzima, akaandika: "Kama umepata mwingine, sema." Wanaume wengine bwana, wanatia hasira! Siku ya kumi na tatu akapanda treni kwenda Bukene.

Alimkuta nje ya wodi, macho yameingia ndani. Recheli hakusalimia. Alivaa glavu moja akamnyooshea mkono, ncha za vidole zikining'inia.

"Namba ngapi hii?"

"Nane."

"Mimi niliagiza ngapi?"

"Sita na nusu. Lakini namba hiyo mliagiza ninyi tu, Recheli. Muuzaji akasema punguzo ni mpaka katoni zote ziwe za namba ileile. Nikabadilisha. Nikajua zitakuingia tu, glavu si kiatu."

"Glavu si kiatu! Nilikuwa namshona mzazi, ncha ikajikunja, sindano ikanichoma. Yule mama ana virusi. Nameza dawa za kinga siku ishirini na nane, natapika kila asubuhi, na wewe unaniuliza nimepata mwingine?"

Zablon akaitazama ile glavu.

"Umeishika mikono hii mara ngapi? Hukuona kuwa ni midogo?"

Akataka kumshika.

"Usiniguse! Nenda kawaambie wenzako ulichofanya. Kwa mdomo wako."

Kikao cha umoja kilikaa Tabora mjini wiki iliyofuata. Zablon akasimama mbele ya wauguzi wakuu wote. "Nilibadilisha oda ya Bukene bila kumuuliza mtu. Mkunga ameumia kwa sababu yangu." Wakamvua kazi ya kuagiza palepale, wakapitisha kwamba namba ya glavu isibadilishwe mpaka anayezivaa atie saini. Recheli alikaa nyuma, uso umekunjwa. Na mimi simlaumu, kuungama hakukumfutia zile siku za kutapika.

Nje ya ukumbi Zablon akamfuata.

"Jumamosi mjomba wangu analeta posa kwenu."

"Una wazimu? Kipimo changu cha mwisho bado miezi miwili na zaidi!"

"Najua. Ndiyo maana analeta Jumamosi hii."

"Sitaki huruma yako, Zablon! Kwetu hatujaishiwa huruma!"

"Si huruma. Nakutaka wewe. Majibu yoyote yatakayokuja, yanikute nimeshajulikana kwenu."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu kwa ncha ya kilemba.

"Hasira yangu haijaisha."

"Najua."

"Na Jumamosi haitakuwa imeisha."

"Nitakuposa nayo hivyohivyo."

Recheli akasonya.

"Mwambie mjomba wako asichelewe. Baba hapendi kungojeshwa."