Bega Lisilosikia

Kiungamfupa kilishuka kutoka darini, kikafungua vidole vyake sita vya chuma juu ya kifua cha Nyanjige. Miale ya buluu ikapenya ngozi, na mtulinga wake wa kulia, ule mfupa unaoshika bega na kifua, ukaonekana kwenye kioo: umevunjika katikati, ncha moja imepanda juu ya nyingine. Zamani mfupa kama huo uliponywa kwa wiki nyingi. Sasa, katika mji huu wa migodi, Dakta Masalu alikuwa akiuunga kwa robo saa, kwa mashine hii aliyoibuni mwenyewe.

"Kiondoe," Nyanjige alisema.

"Mama, hutasikia maumivu."

"Ndiyo maana nakwambia kiondoe!"

Shigela, msimamizi wa mgodi, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Usimsikilize, Daktari. Zamu yake inaanza saa nane. Hatuna nafasi ya watu wa kudeka."

Nyanjige hakumtazama. "Mwaka jana ulinitengeneza bega la kushoto," alimwambia Masalu. "Lichome."

Masalu alikunja uso. Alichukua sindano, akamwambia afumbe macho, akamchoma juu ya mtulinga wa kushoto. Tone la damu likatoka. Akachoma tena, kwa nguvu zaidi.

"Umeshaanza?" Nyanjige aliuliza.

Masalu aliiweka sindano chini; sasa alielewa. Miale iliyounga mfupa ilikuwa imeunguza mishipa ya fahamu inayopita juu yake. Wagonjwa walikuwa wakikimbizwa kazini kabla hajawauliza lolote, naye alikuwa akiridhika na picha za mifupa iliyonyooka.

"Nilimbeba mwanangu amelala," Nyanjige alisema. "Akateleza begani. Nilishtuka niliposikia kishindo chini."

Masalu akakizima Kiungamfupa.

"Kiwashe!" Shigela alifoka. "La sivyo kesho atakaa daktari mwingine hapa."

"Na huyo nitamweleza. Toka nje."

Shigela alisonya, akaubamiza mlango.

Masalu alikunja shuka kuwa pembetatu, akaulaza mkono wa Nyanjige ndani yake na kufunga ncha nyuma ya shingo. Fundo la kwanza lilimfungukia, akalifunga upya. Miaka mingi alikuwa hajafunga mkono wa mtu. "Wiki sita. Usinyanyue kitu. Mfupa utakuuma."

"Acha uniume."

"Mama Nyanjige, mimi..."

"Bega la kushoto litasikia tena?"

"Sijui."

Nyanjige aliteremka kitandani, akaukwepa mkono alionyooshewa.

"Basi usiniambie pole," alisema, akatoka.