Utando Usikauke

Wembe aliivuta pikipiki yake ya Yamaha mpaka ikalia. Mbele yake, gari jeupe la mizigo lilipenya geti la bandari, pipa la bluu likirukaruka nyuma.

Simu ikaita. Injinia.

"Kaka, wamebeba utando! Mtambo umezima!" Alikuwa analia. "Ukikauka, basi tena!"

"Tulia, dada. Niko nyuma yao."

Akakata. Nafsi ilimsuta.

Utando ule ndio roho ya mtambo, pale mto unapoingia baharini. Maji matamu yanaupenya kuyafuata ya chumvi, chumvi hairudi. Msukumo wake unazungusha mashine na mji mzima unawaka taa. Majasusi wa nje waliutaka kwa udi na uvumba.

Na mwizi? Mdogo wake Injinia, tumbo moja, dereva wa magari ya mtambo. Namba za mlango alipewa na Wembe mwenyewe, mtu wa usalama wa taifa aliyejifanya mlinzi na kula mezani kwao miezi. Mnunuzi wa majasusi hao hatoki shimoni bila chambo. Mwanzoni kijana wa watu alikataa. Wembe akambembeleza: watapiga picha tu, kesho utaurudisha. Mtu mzima ovyo!

"Wembe, mnunuzi ameonekana?" Mkuu wake wa kazi, kwenye kifaa cha sikioni.

"Bado."

"Usimguse dereva kabla yake."

"Sawa."

Gari likasimama mbele ya ghala. Mwanamume wa suti ya kijivu akatoka.

Wembe akachomoa bastola yake ya Glock.

"Chini wote!"

Suti alifyatua kwanza. Risasi ikamchana Wembe bega, ya pili ikatoboa pipa. Wembe akajibu moja tu. Suti akaanguka ameshika goti, anatukana kwa lugha ya kwao.

Maji yaliyoulowesha utando yalikuwa yanamwagika. Dereva angeweza kukimbia. Ukuta ulikuwa mfupi na hakuna aliyemtazama. Hakukimbia. Alilikumbatia pipa, akaziba tundu kwa viganja viwili.

"Kaka, lete ndoo! Kazi ya dada inakauka!"

Polisi walimkuta hivyo hivyo. Walipomtia pingu, Wembe akavua koti, akaziba tundu yeye.

Injinia, aliyeitwa na polisi, alifika mbio, kiatu mguu mmoja. Akachungulia pipa, akashusha pumzi. Kisha akaziona pingu.

"Wewe?"

"Dada, namba alinipa huyu! Muulize!"

Kofi likalia. "Usimpakazie mwenzio! Huoni kapigwa risasi kwa ajili yangu?"

Dereva akamtazama Wembe, akingoja neno moja tu.

"Kazi safi," Mkuu alisema sikioni. "Funga mdomo. Ondoka."

Wembe akaufunga.

Injinia alivua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga Wembe bega. "Pole, kaka. Yule si ndugu yangu tena. Ndugu yangu ni wewe."

"Usijali, dada."

Sauti yake ilikuwa shwari. Akavaa miwani myeusi, akaiendea pikipiki bila haraka, aibu ikimchoma kuliko lile bega. Nyuma yake, dereva alikuwa bado anawauliza polisi kama pipa limezibwa sawasawa.