Kulwa Hutangulia

Kinusi kilimaliza kusoma insha za darasa zima kabla chai ya Dk. Nyamizi haijapoa. Kilikuwa kisanduku cheusi kilichokaa pembeni ya meza yake katika Chuo cha Uhandisi wa Mvua, jijini Mtera Mpya, ambako hata mawingu huchungwa na roboti. Hakikutafuta sentensi zilizonakiliwa; hiyo siku hizi ni kazi ya kitoto. Kilinusa mkono. Kila mwandishi ana harufu yake: mahali anapopumzika, neno analolikimbilia akichoka, namna anavyoanza kubisha. Wanafunzi walikiogopa kuliko wazazi wao, na sidhani kama walikosea.

"Insha moja ina mashaka, Mwalimu," kilisema kwa upole. "Imewasilishwa na Doto Masanja. Mkono ni wa Kulwa Masanja."

Dk. Nyamizi aliweka kikombe chini. Kulwa alikuwa dada yake Doto, pacha wake, mbishi wa kupindukia aliyewahi kumfuata mwalimu huyu mpaka kantini kudai alama mbili. Alifariki wakati wa likizo, kwa maradhi ya moyo yaliyowashinda madaktari na mashine zao.

"Rudia," alisema.

"Nimekwisha rudia, Mwalimu. Ni yeye."

Chuo kile hakikuwa na wasimamizi wa mitihani. Kilikuwa na kiapo. Kila mwanafunzi akiwasilisha kazi husema kwa sauti yake: kazi hii ni yangu. Akibainika ameapa uongo, hupewa muda mpaka jua kuzama ajitaje mwenyewe mbele ya Baraza la wanafunzi wenzake. Akijitaja, kazi hupata sifuri naye hurudia mwaka. Asipojitaja, hufukuzwa, na hakuna mwalimu mwenye mamlaka ya kumtetea.

Doto alifika mchana, shati limepigwa pasi vizuri, macho yamevimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Doto, insha hii ni ya nani?"

"Yangu."

Dk. Nyamizi hakubishana naye. Alimmiminia chai, akasubiri. Doto alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Ni ya Kulwa," alisema mwishowe. "Alikuwa ameimaliza, ikabaki kuiwasilisha tu. Nilipoiwasilisha kwa niaba yake, mfumo ukalikataa jina lake. Unasema hakuna mwanafunzi huyo."

"Mbona hukuja kuniona?"

"Sikuwaza vizuri. Nyumbani kwetu Kulwa hutangulia, Mwalimu. Uji anapewa yeye kwanza, kiatu kipya yeye kwanza, mimi nafuata. Sasa nitavaaje joho, na yeye insha yake ya mwisho haijasomwa na mtu?"

"Nenda kajitaje, mwanangu. Jua bado lipo."

"Nikijitaja wataipa sifuri. Kulwa hajawahi kupata sifuri. Afadhali wanifukuze mimi."

Dk. Nyamizi alikitazama Kinusi. Alikiunda kwa mikono yake ili kukamata wezi, na kwa miaka mingi alijivunia kwamba hakijawahi kumwonea mtu. Hata leo hakikumwonea mtu, na hilo ndilo lililomuuma. Kilitambua mkono wa marehemu bila kosa, lakini msiba ulikuwa umekaa mbele yake na hakikuunusa.

"Sikiliza," alisema. "Sifuri ni ya kazi aliyowasilisha Doto. Hiyo utaibeba wewe, kwa sababu uliapa uongo, na sitakudanganya kwamba ni nyepesi. Lakini Kulwa hajaniletea kitu. Akileta, nitasoma."

"Ataletaje, Mwalimu?"

"Kwani hana ndugu wa kumtuma?"

Doto alikunywa chai yote, akainuka, akaenda kwenye Baraza. Alisimama mbele ya wenzake akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Kazi niliyowasilisha si yangu." Waliandika sifuri, na mwaka wa kurudia. Hakuna aliyemcheka.

Aliporudi alikuwa na insha ileile, safari hii imechapishwa kwenye karatasi, juu yake jina la Kulwa peke yake. Dk. Nyamizi alikizima Kinusi, akatafuta kalamu nyekundu iliyokuwa imelala kwenye droo kwa miaka, akasoma ukurasa baada ya ukurasa huku Doto akingoja kwenye korido. Pembeni aliandika: "Hoja ya kugawana mawingu na jirani ni nzuri. Umeruka hesabu za upepo, kama kawaida yako." Kisha akaandika alama, akamwita ndani.

Doto alisoma maneno yale polepole. Alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

"B," alisema. "Kulwa angekata rufaa."

"Najua," alisema Dk. Nyamizi, akamvutia kiti. "Kaa basi, umtetee."