Ukuta Uliobomoka Kila Alfajiri

Kila siku akitoka shuleni, Kiroboto alivua sare, akala haraka haraka, akabeba ndoo mbili na kumfuata baba yake kwenye zahanati ya zamani. Jina la Kiroboto alipewa na bibi yake kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata wakati wa sala. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye maswali mengi. Kazi yake ilikuwa kuteka maji na kuchekecha mchanga. Baba yake, fundi mwashi, ndiye aliyejenga.

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa miaka sita. Mlango wake ulilia kila ulipoguswa, na ndani kulikuwa na ubaridi hata jua likiwa kali nje. Mizani ya kupimia watoto wachanga bado ilining'inia darini, na wakati mwingine ilizunguka taratibu ingawa hapakuwa na upepo. Watoto wa mtaa walisema mkunga wa kwanza alifia humo, na kwamba bado anapita vyumbani akiwatafuta wagonjwa wake. Kiroboto alisema haamini upuuzi huo. Hata hivyo, hakuthubutu kuingia chumba cha mwisho peke yake.

Afisa wa afya alikuwa ameahidi kumleta mkunga mpya mwanzoni mwa mwezi ujao, mradi chumba cha kujifungulia kiwe tayari. La sivyo, mkunga angepelekwa kwingine. Kwa Kiroboto jambo hilo halikuwa la mchezo, kwa maana mama yake alikuwa mjamzito. Mwaka juzi alishikwa na uchungu, hospitali ikawa mbali, akajifungulia kando ya barabara. Mtoto yule hakuishi hata saa moja.

Waliojitolea kuitengeneza zahanati walikuwa watu wa kanisa la juu, kanisa la akina Kiroboto. Zamani mtaa mzima ulikuwa na kanisa moja. Kisha watu wakagombana juu ya namna ya kuomba. Wengine walitaka mmoja aombe na wengine waitikie. Wengine walitaka wote waombe kwa sauti kwa wakati mmoja. Hao wa pili wakahamia bondeni na kujenga kanisa la chini. Tangu hapo, watu wa juu na wa chini wakikutana njiani, kila mmoja aliangalia viatu vyake. Hata mama mkubwa, dada wa mama wa tumbo moja, hakuwa amekanyaga nyumbani kwao kwa miaka mitatu.

Jumatatu baba alijenga ukuta wa kutenganisha chumba cha kusubiri na chumba cha kujifungulia. Hadi jioni ulimfika kifuani. Jumanne waliporudi, ukuta haukuwepo.

Haukuwa umeanguka, maana ungeanguka pangekuwa na vipande. Matofali yalikuwa yamepangwa manne manne kando ya mlango, na saruji imekwanguliwa safi. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa na haraka hata kidogo.

"Nani kaleta utani huu?" baba aliuliza.

Wakajenga upya. Jumatano wakakuta matofali yamepangwa tena manne manne. Kiroboto aliyagusa, akahisi ubaridi ukimpanda mkononi mpaka kwapani.

Siku hiyo mzee wa kanisa alikuja na chupa ya mafuta. Ukuta ulipokwisha kujengwa kwa mara ya tatu, alipaka mafuta kila tofali na kumkemea pepo mchafu mpaka sauti ikamkauka. Watu wakaitikia amina. Wakaenda zao wakiwa wamepata moyo.

Alhamisi wakakuta makubwa zaidi. Ukuta ulikuwa umeondolewa, na juu ya kila tofali palikuwa na msalaba mweupe. Misalaba yote ilikuwa kichwa chini.

Mama mmoja aliangusha ndoo. "Jamani, mimi nina watoto wadogo," alisema, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Ijumaa hakuja mtu isipokuwa baba na Kiroboto. Walijenga hadi ukuta ukamfika baba kichwani, kila mmoja akigeuka nyuma mara kwa mara.

Jumamosi alfajiri ukungu ulitanda hadi mlangoni. Kiroboto alitumwa maji. Alipokaribia zahanati alisikia sauti ndogo kutoka ndani: kwaru, kwaru, kwaru. Chuma kilikuwa kikikwangua kitu. Katikati ya sauti hiyo mtu alikuwa akivumisha wimbo puani.

Alitaka kukimbia, tena alikwisha kugeuka. Lakini alimkumbuka mama yake alivyokaa jana kitandani, miguu imevimba, akihesabu siku kwa vidole. Zilikuwa zimebaki kumi na mbili mwezi mpya uanze. Akaweka ndoo chini, akausukuma mlango, nao ukalia kama kawaida yake.

Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani. Ukuta ulikuwa bado umesimama. Mara tofali la juu likatikisika, likainuka lenyewe, likashukia upande wa pili. Likafuata la pili. Kisha Kiroboto akauona mkono: mweupe wote, kuanzia vidole hadi kiwiko, ukipapasa juu ya ukuta.

Akafumba macho, akapiga kelele, "Kwa jina la Yesu, toka!"

Upande wa pili kitu kikaanguka kwa kishindo. "Toka wewe!" sauti ikajibu ikitetemeka. "Kwa jina la Yesu, toka wewe!"

Kiroboto alifumbua jicho moja. Alifikiri kwamba shetani hawezi kulitumia jina hilo. Tena sauti ile aliijua.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema kwa woga.

"Maraha... nani huyo?"

"Ni mimi, Kiroboto. Mtoto wa mdogo wako."

Kichwa cha mama mkubwa kikachomoza juu ya ukuta, kilemba kimeenda upande, mikono imejaa vumbi la chaki. "Mwanangu, umeniua! Nilijua mkunga wa zamani amenijia." Nyuma yake alisimama fundi seremala wa kanisa la chini, mzee mwenye ndevu nyeupe, ameshika mwiko kama mtu aliyeshika upanga.

"Kumbe ni ninyi mnaobomoa!" Kiroboto alisema.

"Kumbe ni ninyi mnaojenga!" seremala alisema. "Sisi tunakuja alfajiri kabla ya kwenda shambani. Natengeneza kitanda cha wazazi, hiki hapa kijiti cha kipimo chake. Kila tukija tunakuta ukuta umeota, na ukiwepo kitanda hakipiti. Siku moja tukaukuta unanuka mafuta! Tukasema basi, huu ni uchawi. Mama yako mkubwa akatia kila tofali alama ya msalaba kulizindika."

"Lakini misalaba ilikuwa kichwa chini."

Mama mkubwa alitazama matofali, kisha akamtazama Kiroboto. "Nilichora nikiwa nimesimama upande huu," alisema polepole. "Ninyi mnaingilia upande ule."

Kiroboto alikwenda mbio kumwita baba yake. Baba alifika amekunja uso, na maneno yakamtoka kabla ya salamu. "Mnabomoa ukuta wangu kwa nini? Mngeuliza!"

"Tungemuuliza nani?" mama mkubwa alisema. "Sisi tulijua ninyi mmesusa."

"Na sisi tulijua ninyi ndio mliosusa. Bila ukuta, mwanamke atajifungua mbele ya watu wote waliokaa kusubiri!"

"Na ukiwepo hapo atajifungulia sakafuni," seremala alijibu, akaweka kijiti kwenye nafasi iliyoachwa. Kijiti kilizidi kwa upana wa kiganja.

Baba alikipima kijiti kwa kiganja chake. Ilimuuma, kwa sababu alijua ni kweli. "Mke wangu ndiye wa kwanza atakayelazwa hapa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Unadhani mimi naamka alfajiri kwa ajili ya nani?" Machozi yalimtoka mama mkubwa, yakachora mistari katika vumbi. "Mwaka juzi habari za msiba wa mdogo wangu nilizisikia sokoni, kwa watu baki. Sikuja hata kuzika. Niliona aibu. Nikasema safari hii, hata kama hatusemezani, hatazalia njiani."

Baba alichukua mwiko kutoka mkononi mwa seremala, akaanza kuteremsha matofali mwenyewe. Seremala akayapokea.

Jumatatu iliyofuata makanisa yote mawili yalikuwa pale. Ukuta ulisogezwa hatua mbili, ukaachiwa nafasi pana, na seremala akatia mlango. Kabla ya kuanza, watu waliangaliana: wangeombaje? Mzee wa kanisa akakohoa, akaomba peke yake, wote wakaitikia. Halafu akasema, "Sasa tuombe wote kwa sauti," naye mwenyewe akapaza kuliko wengine.

Mkunga alifika mwanzoni mwa mwezi. Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, mama alijifungua mtoto wa kiume mwenye mapafu ya kutosha kuamsha mtaa mzima. Nje, Kiroboto alikuwa amekaa kwenye benchi kati ya baba na mama mkubwa.

"Mama mkubwa, ningekimbia asubuhi ile ingekuwaje?"

"Baba yako angejenga, mimi ningebomoa, na sote tungeendelea kuomba. Siku nne tulidhani tunamkemea shetani, kumbe tulikuwa tunakemeana. Bwana wetu alituombea tuwe kitu kimoja, mwanangu, nasi tulishindwa hata kusalimiana. Mtu anaweza kuibomoa kazi ya Mungu huku amepiga magoti, asijue. Kwa hiyo ukiona mwenzako anafanya jambo usilolielewa, usianze kumkemea. Nenda kamuulize."

Mlango ukafunguliwa. Mkunga akatoka na furushi jeupe, akauliza nani ampokee mtoto kwanza. Baba alinyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Mpe mama yake mkubwa," alisema.